Nani Atamwambia Papa Gustave

Jumatatu, 15 Januari 2018

Daftari hili ni la ofisi. Niliomba la kuandikia muhtasari wa vikao. Lakini muhtasari wetu huandikwa kwa Kiingereza kizuri, na Kiingereza hicho kizuri hakisemi lolote lililotokea. Kwa hiyo ule wa ofisi nitauchapa kwenye kompyuta, na humu nitaandika yaliyotokea, maana nisipoyaandika nitapasuka.

Leo kamati imekaa. Kamati ni watu watatu, wageni wote katika nchi hii. Kuna Daktari Parfait, mkuu wa chuo, mtu wa Lubumbashi. Kuna Mwalimu Mansour wa uhasibu, Mzanzibari, ambaye hajawahi kufanya jambo lolote kwa haraka. Na kuna mimi Zubeda, mzaliwa wa Tanga, afisa michezo wa chuo chenye mchezo mmoja. Mchezo wenyewe ni mpira wa kikapu. Mwaka jana tulicheza mechi kumi na nne tukafungwa kumi na tatu. Ile moja tulishinda kwa sababu basi la wapinzani liliharibikia njiani.

Ligi imetuandikia barua. Kocha mkuu wa kila chuo lazima awe na cheti chao. Jina la kocha mpya liwafikie kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya tarehe 23 Februari, pamoja na fomu ambayo kocha anayeondoka ameitia saini kwa mkono wake mwenyewe. Tukichelewa tunatolewa kwenye ligi miaka miwili, na wachezaji wangu kumi na wawili watamaliza chuo bila kugusa mpira tena.

Kocha wetu ni Papa Gustave, mtu wa Bukavu, umri wake miaka sitini na tatu. Asubuhi ni fundi cherehani kule mtaa wa Yeoville, jioni anakuja hapa chuoni, mtaa wa La Rochelle, kufundisha. Timu aliianzisha yeye miaka tisa iliyopita kwa mpira mmoja. Cheti hana, na kwa matokeo yale hata angekuwa nacho kisingemwokoa.

Kumwondoa kulichukua dakika kumi. Kuamua nani atamwambia kulichukua saa mbili na chai mara mbili.

"Papa Gustave ni mutu mukubwa," alisema Daktari. "Siwezi kumuita mu bureau na kumwambia hivi hivi, kama mutoto."

"Mambo haya yanataka mtu wa kati, Bi Zubeda," alisema Mansour. "Mtu mzima haambiwi machoni pake."

Nikasema mimi naweza kumwambia leo leo. Wote wawili wakanitazama kama niliyevua mtandio mbele yao. Mansour akajitolea kwenda yeye.

Alhamisi, 18 Januari

Mansour amerudi. "Nimemgusia," anasema.

"Umemgusia vipi?"

"Nimemwambia chuo kinamwona amechoka, kinataka apumzike."

"Akasemaje?"

"Kashukuru sana, maskini."

Saa kumi kasorobo Papa Gustave akaja dirishani kwangu, kofia mkononi. "Maman Zubeda, umwambie Docteur aksanti sana. Kuanzia sasa siku ya Mungu sitafanya mazoezi na bale batoto. Nitapumzika, vile mulisema."

Sasa tuna kocha yuleyule, na Jumapili hakuna mazoezi.

Ijumaa, 19 Januari

Mvua kubwa saa tisa, na mawe ndani yake. Saa kumi uwanja ulikuwa mkavu. Angalau wafanya usafi wa chuo hiki wanajua kazi yao.

Jumanne, 23 Januari

Zamu ya Daktari Parfait. Alimwita ofisini, mlango ukafungwa nusu saa. Mimi nje nimekaa na leso tayari, nikidhani mzee atatoka analia. Nikasikia kicheko. Mlango ukafunguka, Papa Gustave akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Munaniletea musaidizi! Miaka tisa niko naomba musaidizi!"

Alipoondoka niliingia. Daktari alikuwa anapanga kalamu zake.

"Nilimwambia tunatafuta mutu wa kubeba ule muzigo," akasema.

"Aubebe pamoja naye, au badala yake?"

"Badala... ile neno haikutoka, Maman Zubeda. Franchement, ilikwama hapa." Akajigusa koo.

Mtu huyu ana shahada ya uzamivu.

Ijumaa, 26 Januari

Tangazo limetoka. Maombi thelathini na moja. Mmoja anafundisha karate. Mmoja ameambatisha picha ya harusi yake. Mmoja amefundisha timu kubwa Marekani ambayo hawezi kuitaja kwa sababu za usalama.

Jumanne, 30 Januari

Kamati iliona tupitie kwa pasta wake. Ilikuwa fikra ya Mansour, ambaye ni Mwislamu na pasta huyo hajawahi kumwona. Pasta alikubali. Jumapili, mbele ya kanisa zima, akamsimamisha Papa Gustave na kumwombea "katika kipindi hiki cha mabadiliko ya kazi." Watu wakapiga makofi na vigelegele.

Jana mzee amekuja kutushukuru kwa kumwombesha.

Ijumaa, 2 Februari

Mvua saa tisa. Uwanja mkavu saa kumi. Mazoezi: mipira nane nje ya ukuta, miwili juu ya paa.

Jumanne, 6 Februari

Basi, nimesema, wanaume wameshindwa, naenda mwenyewe. Nami nakaa Yeoville, ni mwendo wa dakika tano. Niliyapanga maneno yangu toka kwenye teksi: Papa, chuo kimeamua kukuondoa, nimekuja kukwambia kwa sababu nakuheshimu. Maneno tisa tu. Niliyahesabu.

Mke wake, Maman Hélène, ndiye aliyenifungulia. Ni msusi, ana mikono myepesi na macho yanayoona kila kitu. Nikakuta ugali umeshapikwa, na sombe, kisamvu cha kwao, na samaki mkubwa ambaye najua hakununuliwa kwa ajili yao wawili. Ukutani kuna picha tisa za timu, moja kwa kila mwaka. Papa Gustave akanionyesha moja moja, akataja kila mchezaji, sasa yuko wapi, ameoa nani. Ushindi hakutaja hata mmoja, na ni kweli hauko mwingi wa kutaja.

Nilikula. Nikasifia sombe. Nikauliza habari za cherehani. Nilipoaga nilikuwa bado nina maneno yangu tisa, yote mazima.

Alinisindikiza mpaka mlangoni kwangu, kama anavyomsindikiza kila mgeni. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, akanifunika mimi mwavuli, yeye bega moja likalowa. Njiani aliniuliza msaidizi huyo atakuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia, "Tutaona, Papa."

Kwa hiyo sasa waongo tumefika wanne. Nilimcheka Daktari, kumbe langu nalo linakwama palepale.

Jumamosi, 10 Februari

Usaili. Tulipanga viti vitatu kwa kamati na kimoja kwa mwombaji. Saa tatu kasorobo akaingia Papa Gustave amevaa suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, shati jeupe, viatu vinang'aa. Amekuja kutusaidia kumchagua msaidizi wake.

Nikamtazama Daktari. Daktari akamtazama Mansour. Mansour akainuka, akaenda kuleta kiti cha nne.

Yule wa timu ya siri hakutokea. Wa karate alituonyesha teke. Kila mwombaji alipomaliza, Papa Gustave alinyoosha kidole kwa adabu na kuuliza swali lilelile moja: "Mazoezi ni saa kumi. Mvua inakwisha saa tisa na nusu. Utafanya nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Watu wana vyeti vya ligi, yeye anawauliza habari za mvua. Mmoja akajibu ataahirisha. Mwingine akasema chuo kijenge ukumbi. Mwingine alisema atawaonyesha wachezaji video, akaanza kutueleza habari za video mpaka Mansour akasinzia.

Wa mwisho alikuwa Murielle. Ana miaka thelathini na mmoja, kwao Goma lakini amekulia hapa, anafanya kazi benki kule Sandton na jioni yuko huru. Ameichezea timu ya jimbo, cheti cha ligi anacho cha daraja la pili. Nilimtaka toka alipokaa. Mzee akauliza swali lake.

"Nitafika saa tisa na nusu, nikaushe uwanja," akasema Murielle.

Papa Gustave akaegemea kiti. "Utaanzia wapi?"

"Popote penye maji, Papa."

Mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Utajifunza," akasema. "Huyu njo wangu. Huyu nitafanya naye kazi."

Kura nne kwa nne. Katika muhtasari wa Kiingereza nimeandika kwamba kamati iliafikiana kwa kauli moja. Kocha tunayemfukuza amempigia kura mrithi wake, na sijui kama ligi ina fomu ya jambo hilo.

Jumatatu, 12 Februari

Nilimpigia Murielle kumpa habari njema.

"Tantine, yule mzee mwenye suti ni nani?"

Nikamwambia.

"Anajua?"

Nikasema bado tunatafuta namna ya kumwambia.

"Mi kazi naitaka," akasema. "Lakini sitaingia pale na yeye amesimama ananingojea kama musaidizi wake. Mumwambie. Siku akitia saini ile fomu mwenyewe, na anajua anatia saini nini, siku ile munipigie."

Ametukosea adabu sisi wote kwa sentensi tatu, na zote tatu ni za kweli. Nimekasirika mchana kutwa.

Alhamisi, 15 Februari

Jana rais wa nchi hii amejiuzulu. Kwenye teksi watu hawakuzungumza kingine. Chama chake kilimpelekea ujumbe, kikampelekea tena, na hatimaye mzee ametoka. Nchi nzima imeweza kumwambia mtu mmoja aondoke. Sisi watatu tumeshindwa, na wetu hana hata walinzi.

Bado siku nane.

Jumanne, 20 Februari

Kikao cha dharura. Ajenda moja. Mansour, ambaye mwezi mzima ameogopa kumvunjia mzee heshima, ametoa suluhisho.

"Fomu ni ya Kiingereza, na Mzee Gustave Kiingereza cha kusoma hakimpandi. Bi Zubeda ampelekee karatasi za jezi atie saini. Fomu ya ligi iwe katikati. Yeye hataumia, timu itabaki, na huko mbele atazoea mwenyewe taratibu."

Daktari alikuwa akiangalia dirisha. "Kwa Maman Zubeda hatasoma," akasema polepole. "Anamwamini."

Ningependa kuandika kwamba niligonga meza. Sikugonga. Nilichukua karatasi za jezi, nikachukua fomu, nikaziweka pamoja kwenye bahasha.

Nje alikuwa Cédric, nahodha wa timu, amenisubiri. Huyu amezaliwa hapahapa, Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza cha hapa. Akaniuliza kama tumo kwenye ligi au hatumo. Nikamwambia tumo. "Sharp, Auntie," akasema, ndiyo "safi" ya vijana wa hapa, akaenda zake amefurahi. Mwongo hachoki akishaanza.

Mvua saa tisa. Mkavu saa kumi.

Alhamisi, 22 Februari

Nimetoka kwa Papa Gustave. Naandika sasa hivi yakiwa bado ya moto.

Nilifika saa kumi na mbili, mchana bado mweupe. Maman Hélène alikuwa anapakua maharage. Nikasema sili, nina karatasi tu za kutia saini. Papa Gustave akavuta kiti, akatafuta kalamu kwenye mfuko wa shati, akaanza. Ya kwanza, jezi. Ya pili, jezi. Hakusoma hata neno.

"Papa, husomi?"

"Umeleta wewe," akasema. "Nisome nini?"

Kalamu ikagusa ya tatu. Ya tatu ndiyo ilikuwa fomu. Nikaweka kiganja changu juu ya karatasi, kalamu ikanichora wino kidoleni.

"Papa, hii usitie. Hii si ya jezi." Sauti yangu niliisikia kubwa mno kwa chumba kile. "Hii inasema wewe si kocha tena. Chuo kimekuondoa. Murielle si msaidizi wako, anachukua nafasi yako. Kesho saa sita mchana ikiwa haina saini yako, timu inatolewa kwenye ligi. Nimeambiwa niifiche katikati utie saini bila kujua, na nilikubali. Nimekuja nayo hivyo."

Akaweka kalamu chini. Nje kuna mtu alikuwa anapiga honi, akapiga weee.

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe kumi na tano Januari."

Akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Mansour alipokuja hapa?"

"Alikuja kwa ajili hiyo."

"Docteur?"

"Naye pia."

"Pasta?" Hapo sauti ilimshuka. "Batu bote ba kanisa balinipigia makofi, Maman Zubeda."

"Pasta pia alijua."

"Na siku ile ya suti. Mulikuwa munajua, na mukaniletea kiti."

"Tukakuletea kiti, Papa."

Akageuka kwa mkewe. Maman Hélène alikuwa amesimama na mwiko, anatazama maharage. "Pasta aliniambia," akasema. "Nilingojea bakuambie bao benyewe. Nilisema, si kazi ya bibi yako kukuambia." Akaanza kulia bila sauti, huku anaendelea kupakua.

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa natamani apige, ingenisaidia. Akavaa miwani, akavuta fomu, akaanza kuisoma kwa sauti, Kiingereza, neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Palipomshinda alirudia. Sikuthubutu kumsaidia. Ilichukua karibu nusu saa, na ni karatasi ya kurasa mbili. Jina lake walikuwa wamelikosea, akalikata na kuliandika upya kwa herufi nzuri. Ndipo akatia saini.

"Batoto bacheze," akasema. Akanisukumia karatasi.

Nikasimama, nikaomba radhi. Nilipofika mlangoni niligeuka, maana nilizoea kumkuta nyuma yangu anatafuta mwavuli. Alikuwa palepale mezani, miwani bado usoni.

Hakunisindikiza.

Ijumaa, 23 Februari

Fomu imefika saa nne asubuhi. Tumo. Daktari amenipongeza kwa "busara" yangu.

Jumatatu, 26 Februari

Maman Hélène ameleta funguo za stoo ya mipira ndani ya bahasha. Nimemuuliza mzee hajambo. Amesema anashona.

Murielle ameanza. Kwanza amewakataza kutupa mipira ya mbali. Amewarudisha kwenye kukaba, mtu na mtu wake, kama watoto wa shule ya msingi. Cédric analalamika kwamba mapaja yanamwuma. Mvua imenyesha asubuhi tu, na jua la mchana limeukausha uwanja lenyewe. Itakuwa vivyo hivyo wiki nzima, redio inasema.

Jumamosi, 3 Machi

Mechi ya kwanza, nyumbani, saa kumi na nusu. Saa tisa kamili mbingu ikafunguka. Ikaacha saa kumi kasorobo, uwanja ukawa bwawa. Refa akatazama saa yake, akasema usipokauka kwa wakati wageni wanapewa ushindi.

Nikakimbilia kwa mama wa usafi. Nikamwambia afanye haraka, kama kawaida yao.

"Uwanja?" akasema. "Sisi hatujawahi kugusa uwanja. Huwa anakuja yule mzee, anasukuma maji peke yake."

Nilisimama pale kama niliyepigwa kofi. Miaka minne niko dirishani, uwanja uko nyuma ya ofisi yangu, na sikuwahi hata siku moja kugeuza kiti.

Tulifungua stoo. Skwiza za kusukumia maji zilikuwa mbili, mpini wa moja umefungwa vitambaa vya suti. Murielle akashika moja, mimi nyingine, nikakunja baibui. Wachezaji wakaleta ndoo na mataulo. Tulisukuma maji kuelekea geti, yakarudi. Tukasukuma tena, yakarudi yote. Saa kumi na dakika tano nilikuwa nimelowa hadi magotini, nikilaani kila mtu na mimi mwenyewe wa kwanza.

"Maman Zubeda."

Alikuwa nje ya uzio wa waya, sweta la kawaida, mwavuli kwapani.

"Maji ya hapa hayaendi upande ule. Muanzie katikati. Musukume kwa ukuta wa spaza, ile duka ndogo, kule chini kuna tundu."

Hakuingia, na hakuna aliyethubutu kumpa skwiza. Murielle alisema, "Aksanti, Papa," akaanza katikati. Maji yakaenda. Saa kumi na dakika ishirini na tano refa alipiga goti, akapapasa sakafu, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Tumefungwa 61 kwa 58. Timu hiyohiyo mwaka jana ilitufunga kwa tofauti ya pointi arobaini. Cédric alikuwa anarukaruka kama aliyeshinda, na mwishowe nami nikaruka.

Watu walipotawanyika nikamkuta Papa Gustave getini. Alikuwa ameitazama mechi yote amesimama, nje ya uzio.

"Sema kweli," akaniuliza, bila salamu. "Bale batoto, niliwaacha vibaya?"

Kulikuwa na majibu matatu ya adabu, yote yamenijia mdomoni kwa pamoja.

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Kukaba walikuwa hawajui kabisa. Murielle ameanza nao upya."

Akanitazama sana. Akatazama uwanja. Manyunyu yalikuwa yameanza tena.

"Voilà," akasema. "Leo umesema na mimi kama na mutu mukubwa."

Akafungua mwavuli, akanisindikiza mpaka kwenye teksi.